Kikosi Kilichofutika Mara Mbili Ndani ya Miezi Mitatu: Uchambuzi wa Kisa cha Skwadroni Namba 82, Mwaka 1940

Kisa chenyewe ni kipi

Skwadroni namba 82 ya jeshi la anga la Uingereza ilikuwa kikosi cha ndege za mabomu. Tarehe 17 Mei 1940 ilituma ndege 12 ikarudi 1. Tarehe 13 Agosti mwaka huohuo ikatuma tena 12 ikarudi 1, na hiyo ya pili ilirudi kwa sababu iligeuza kabla haijafika kwenye shabaha. Kikosi kilekile, ndege za aina ileile, mpango unaofanana, na siku 88 tu katikati. Wengi wakisimulia habari hii wanaishia kwenye ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli sipingi, ila mi nataka tuangalie kitu kingine, kwamba ilikuwaje kikosi ambacho kimeshapigwa kwa namna ile kikaingia tena mlemle. Maoni yangu nayaweka mapema ili msomaji ayapime anavyoendelea: baada ya mara ya kwanza walijaza ndege na wakajaza watu, lakini kile ambacho wale waliopotea walikuwa wamekijua dakika zao za mwisho kule juu hakikuingizwa kwenye mpango wowote.

Majina ya watu wa kikosi nimeyaondoa yote, natumia vyeo tu. Familia zao zipo na makaburi yanatembelewa mpaka leo, na somo lililopo hapa halihitaji jina la mtu. Tarehe, mahali na namba ya kikosi ni mambo ya wazi, nimeyaacha.

Walikotokea

Kikosi kiliundwa mwanzoni mwa 1917, kikafanya upelelezi wa angani Ufaransa, vita ilipoisha kikavunjwa mwaka 1919. Kikaundwa upya 1937, mwaka uliofuata kikapewa ndege aina ya Bristol Blenheim, na Agosti 1939 vita ikiwa inanukia kikahamia Watton, Norfolk, mashariki ya Uingereza.

Hiyo Blenheim ndo kiini cha habari nzima. Injini 2, watu 3: rubani, nevigeta (mwongoza njia) ambaye pia ndiye anayedondosha mabomu, na fundi redio ambaye anakaa kwenye kibanda cha kioo mgongoni mwa ndege akiwa na bunduki. Mzigo wa mabomu ni ratili 1,000, mara nyingi mabomu 4 ya ratili 250. Babu yake Blenheim alipopaa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 alikuwa anazikimbia hata ndege za kivita zilizokuwepo kipindi hicho, na hapo ndo watu walipojenga imani kwamba ndege ya mabomu yenye mbio haihitaji ulinzi mkubwa, mbio zake zinatosha. Kabla ya hapo, mwaka 1932, mwanasiasa mkubwa wa Uingereza, Stanley Baldwin, alishaliambia bunge kwamba ndege ya mabomu itapenya siku zote. Sasa ukichanganya ile kauli na ile ndege unapata fundisho zima la kijeshi, tena likaaminika sana.

Shida ni kwamba miaka 5 kwenye ndege za wakati ule ilikuwa ni kizazi kizima. Kufika 1940 Blenheim ilikuwa inakwenda kama kilomita 430 kwa saa ikijitahidi, na ikiwa imebeba mabomu na imepangwa kwenye msafara inakwenda chini ya hapo. Messerschmitt 109 ya Mjerumani ilikuwa inavuka 550, na mbawani imebeba mizinga ya milimita 20 ambayo inaumiza kwa mbali kabla bunduki ndogo za Blenheim hazijawa na maana yoyote.

Na dalili zilikuwepo. Tarehe 18 Desemba 1939 ndege za mabomu aina ya Wellington, kubwa kuliko Blenheim na zenye bunduki nyingi zaidi, zilifika 22 kwenye pwani ya Ujerumani mchana wa anga jeupe zikapotea 12. Baada ya pale zile kubwa zikaanza kuhamishiwa usiku. Blenheim zikaachwa mchana.

Haki isemwe, kikosi kilikuwa kizuri. Tarehe 11 Machi 1940 ndege yao moja iliibamba nyambizi ya Kijerumani U-31 ikiwa juu ya maji, ikashuka chini sana na kuizamisha, na hiyo inatajwa kuwa nyambizi ya kwanza kuzamishwa na ndege peke yake bila msaada wa meli. Kwa hiyo tusiwaone kama watu wasiojua kazi.

Asubuhi ya 17 Mei: Gembloux

Ujerumani ilivamia upande wa magharibi tarehe 10 Mei. Wiki moja tu baadae jeshi la Ufaransa lilikuwa linapasuka, barabara za Ubelgiji zimejaa vifaru na wakimbizi, na kila mkuu wa nchi kavu alikuwa anaomba ndege. Alfajiri ya tarehe 17 Blenheim 12 zikaondoka Watton kwenda kupiga msafara wa Wajerumani karibu na Gembloux, Ubelgiji. Mpango ulikuwa wakutane njiani na ndege za kivita za kuwasindikiza. Hazikuonekana. Wakaendelea.

Walikuwa wamepangana tatutatu kwa umbo la V, makundi 2 ya ndege 6, na huko kubanana kuna maana yake, bunduki ya mgongoni ya ndege moja inalinda mkia wa jirani. Msafara ukibanana adui akija nyuma anakutana na bunduki kadhaa kwa pamoja, ukilegea kila mmoja yuko peke yake. Walipokaribia shabaha mizinga ya chini ya kutungulia ndege ikafunguka, nzito, na ndege moja ikaenda. Sasa hapa kuna mtego mbaya. Dhidi ya mizinga ya chini dawa ni kuachana, usimpe mpigaji fungu la ndege 6 kwenye sehemu moja ya anga. Dhidi ya ndege za kivita dawa ni kubanana. Huwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Wakaachana.

Halafu mizinga ikanyamaza ghafla. Mtu asiyejua angeshukuru Mungu, kumbe mizinga ya chini haikati ovyo katikati ya kazi, inakata ili isipige ndege za kwao. Messerschmitt zikaingia zikiwa nyingi, zikawakuta kila mmoja kivyake, na kilichofuata kilikuwa ni kuwindwa moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Watton walikuwa wanasubiri ndege 12, ikatokea 1 imetobolewa vibaya. Wachache waliotunguliwa waliokoka kwa parachuti au kwa kutua shambani, na baadhi yao wakafanikiwa kurudi kupitia kwenye ule mvurugano wa wakimbizi.

Uamuzi wa kukifufua

Mantiki ya makao makuu ilikuwa nyepesi, kikosi kimekwisha, kivunjwe, waliobaki wagawanywe kwingine. Kamanda wa kikosi wa wakati ule, ambaye asubuhi ile hakuwa hewani, akakataa katakata. Akabishana, akaomba ndege mpya, akaomba watu, na ndani ya siku chache tu kikosi kilikuwa kinapaa tena.

Mi naamini ule uamuzi ulikuwa sahihi, na sababu yangu sio ya moyo tu. Kikosi sio marubani peke yao. Mafundi wa injini, wapakia mabomu, watu wa redio, wapishi, madereva, karani anayejua nani kaenda likizo na nani anaumwa, hao wote walikuwepo Watton hawajaguswa hata mmoja. Ukivunja kikosi unatawanya hao pia, na kuwakusanya upya wazoeane ni kazi ya miezi. Kwa kuwalinda hao kamanda aliokoa kitu chenye thamani, na kasi ya kurudi hewani inaonyesha.

Ila hapohapo ndo kosa la pili lilipojificha. Kwa sababu upande wa chini ulikuwa mzima, kikosi kilionekana kizima. Ndege zipo, idadi ya watu imetimia, ripoti inasoma tayari. Lakini upande wa juu, yaani wale waliokuwa wanajua kwa macho yao inavyokuwa mizinga inaponyamaza, hao walikuwa wameondoka karibu wote kwa mkupuo mmoja. Wapya walioletwa walikuwa vijana wazuri waliofundishwa msafara uleule na imani ileile.

13 Agosti: Aalborg

Katikati ya mwaka kamanda akabadilika. Ufaransa ilishaanguka, Uingereza inasubiri kuvamiwa, na amri zikawa kupiga viwanja vya ndege ambavyo Mjerumani atavitumia. Kimoja kilikuwa Aalborg, kaskazini ya Denmark, nchi iliyokuwa imeshikwa tangu tarehe 9 Aprili. Kutoka Norfolk mpaka Aalborg ni zaidi ya kilomita 700 kuvuka Bahari ya Kaskazini, na hakuna ndege ya kivita ya Uingereza ya wakati ule ambayo ingeweza kuwasindikiza ikafika na kurudi. Kwa hiyo safari hii suala la ndege za kuwalinda halikuwepo hata kwenye karatasi.

Kinga pekee ilikuwa mawingu. Utaratibu wa Blenheim za mchana kiangazi kile ulikuwa kwamba usipopata mawingu ya kutosha unarudi nyumbani na bomu zako. Utaratibu mzuri kabisa. Asubuhi ile ndege 12 zikaondoka, 6 Watton na 6 kutoka Bodney, uwanja mdogo wa jirani. Nevigeta wa ndege ya mbele ndiye anayeongoza wote, redio kimya, wengine wanafuata.

Njiani mambo 3 yakatokea. La kwanza, walipoikaribia Denmark mawingu yakaisha, anga jeupe. La pili, kwa kosa la uongozaji wa njia walitokea pwani kusini mno ya pale walipopanga, kwa hiyo badala ya kutokea baharini na kumshtukiza adui wakawa na safari ya dakika 20 na kitu juu ya nchi kavu, wanaonekana na kila kituo cha walinzi, na simu zinapigwa mbele yao. La tatu, ndege moja, ya sajini, ikageuza ikisema mafuta yanaisha haraka kuliko hesabu.

Zikabaki 11. Aliyeongoza akaendelea nazo.

Pale Aalborg mizinga ilikuwa imeshaelekezwa na Messerschmitt zimeshapaa. Ndege zote 11 zikatunguliwa. Watu 33 walikuwa ndani, 20 wakafa na 13 wakachukuliwa mateka. Uwanja wenyewe haukuumia sana. Wajerumani waliwazika waliokufa kwa heshima za kijeshi kwenye makaburi ya kanisa la Vadum, karibu kabisa na uwanja walioufuata, na ndiko walipo mpaka leo.

Matokeo

Kikosi hakikuvunjwa safari hii pia. Kikajazwa tena, na Blenheim zikasukumwa zaidi kwenye kazi za usiku za kupiga majahazi ambayo Mjerumani alikuwa anayakusanya bandarini kwa ajili ya uvamizi. Mwaka 1941 sehemu ya kikosi ikapelekwa Malta kuwinda meli, nako hasara zikawa kubwa, na 1942 kikahamishiwa India.

Yule sajini aliyegeuza alirudi akawa na maswali ya kujibu. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu kwa mtazamo wangu hii sehemu inafundisha kuliko mabomu yenyewe. Kati ya timu za ndege 12, waliotakiwa kueleza uamuzi wao ni wale watu 3 waliorudi na ndege nzima. Kuendelea hakukuhitaji maelezo. Kugeuza kulihitaji.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichofeli

Tuanze na tofauti ya siku mbili zenyewe maana watu huwa wanazichanganya kama ni kosa moja lililorudiwa. Gembloux ilikuwa dharura ya kweli. Mshirika wako anaanguka, vifaru viko barabarani sasa hivi, kesho havitakuwa pale. Kutuma ndege bila ulinzi uliothibitishwa ni kamari mbaya ila inaeleweka, na kiongozi wa msafara asipoona wasindikizaji ana dakika chache tu za kuamua, huku akijua askari wa nchi kavu wanamtegemea. Mi siwezi kumlaumu.

Aalborg haikuwa hivyo. Uwanja wa ndege hauhami. Ungekuwepo kesho, na wiki ijayo, na usiku. Hakukuwa na kitu kilicholazimisha saa ile ya mchana ule. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini, jibu la dharura halitoshi, na mi naona sababu zilikuwa zinabebana.

Ya kwanza ni kwamba kinga ilikuwa moja tu na haikuwa na mwenyewe. Sheria ya mawingu iliandikwa kana kwamba itajitekeleza, lakini aliyeachiwa kuitekeleza ni mtu ambaye yuko mbele ya ndege 11, redio imezimwa, amekaa kwenye kiti masaa, na anajua historia ya kikosi alichopewa. Kikosi kilichokataa kufa mwezi Mei. Unafikiri mtu wa namna hiyo anapata wapi urahisi wa kugeuza kwa sababu jua linawaka? Hakurudi kuja kutueleza alichofikiria, na nisingependa kumtungia, ila mazingira aliyowekwa yanajieleza yenyewe. Sheria ya kurudi inafanya kazi pale tu ambapo kurudi ni jambo la kawaida, limeshafanywa na wengi, na aliyerudi amepokelewa kwa chai.

Ya pili ni huko kuongozwa na jicho moja. Nevigeta mmoja akikosea ndege zote zimekosea, na ukimya wa redio unamaanisha hata kama mwenzie wa ndege ya 5 ameona pwani sio yenyewe hana njia rahisi ya kusema. Kosa la uongozaji baharini ni la kawaida, upepo unakusukuma na huna alama yoyote chini, mpango wowote ule ulitakiwa utegemee kwamba litatokea. Huu haukutegemea. Walipotokea pwani mahali tofauti hapakuwa na kituo cha kujiuliza, kwamba tukifika sehemu tofauti na tumeshaonekana, je safari inaendelea? Ukiangalia kwa makini asubuhi ile ilikuwa na nafasi 2 za wazi za kusimamisha, mawingu na pwani, na zilikuja karibu pamoja, na zote zikapita.

Ya tatu ndo ile niliyoanza nayo, kumbukumbu. Kikosi kinapopoteza watu kidogokidogo, waliobaki wanafundisha wapya jioni kwenye kantini, hivyo ndo ujuzi wa kweli unavyosafiri, sio kwenye vitabu. Kinapopoteza 11 kati ya 12 kwa asubuhi moja ule mnyororo unakatika, na walioona ni watu 3 wa ndege iliyorudi na wachache waliotembea kwa miguu mpaka nyumbani. Hapo ndipo makao makuu yalitakiwa yafanye kazi ya ziada, kuwakalisha hao wachache, kuwahoji, na kutoka na maamuzi ya kiutendaji: mchana bila wasindikizaji ni marufuku, au ndege mojamoja kwenye mawingu badala ya msafara, au usiku basi. Badala yake kilichopimwa ni idadi. Ndege ngapi zimefika, watu wangapi wamefika, kikosi kiko tayari lini. Na kwa vipimo hivyo Skwadroni namba 82 ilikuwa ni hadithi ya mafanikio, aisee, siku chache tu hewani tena!

Kwa upande wa kilichofaa, nilishasema, kulinda upande wa chini wa kikosi kulikuwa na akili. Nafasi ya sajini nayo inahesabika, kwa sababu inaonyesha kwamba ndani ya msafara uleule bado iliwezekana mtu kusoma geji yake, kuamini hesabu yake, na kugeuza. Sijui wangapi kati ya wale wengine walikuwa na wasiwasi uleule wa mafuta.

Na kuna kitu ambacho wakosoaji wengi wa ile vita wanakisema haraka sana, kwamba wakubwa walikuwa hawajali. Mi sioni hivyo. Walikuwa wamebaki na chombo cha 1935 kwenye vita ya 1940, hawana kingine cha kutosha, na nchi inasubiri kuvamiwa. Mtu wa namna hiyo anajiambia safari hii mipango ni mizuri zaidi. Kosa lao ni kutotofautisha kati ya bahati mbaya na matokeo yanayotegemewa. Gembloux waliihesabu kama bahati mbaya, wasindikizaji hawakutokea, ndo maana. Kumbe hata wangetokea wachache, ile tofauti ya mbio na ya silaha ilikuwa palepale.

Kikosi baada ya hapo, na Afrika Mashariki

India walipewa ndege za kushambulia kwa kupiga mbizi aina ya Vultee Vengeance wakapigana upande wa Burma, baadae wakapewa Mosquito, na kikosi kikavunjwa 1946. Mwaka huohuo namba 82 ikafufuliwa kwa kazi tofauti kabisa, kupiga picha za anga kwa ajili ya ramani. Baadae sana, 1959 mpaka 1963, namba hiyo ikashikilia makombora ya Thor na ikafungwa moja kwa moja.

Ile kazi ya ramani inatuhusu. Walitumia Lancaster, ile ndege kubwa ya mabomu ya injini 4, bunduki zimetolewa na kamera zimefungwa, wakaanzia Afrika Magharibi halafu wakaja Kenya wakikaa Eastleigh, Nairobi, uwanja ambao leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Mpaka wanamaliza 1952 walishapiga zaidi ya maili za mraba milioni moja za Afrika. Ramani za zamani za Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambazo mainjinia wa barabara na wapima ardhi walizitegemea kwa miaka mingi, nyingi zilichorwa kutokana na picha hizo.

Kazi yenyewe ilitaka ndege inyooke kwenye mstari kwa urefu uleule bila kuyumba, kila picha ifunike ile iliyotangulia kwa kama asilimia 60 ili mchoraji aweze kuona vilima na mabonde, na mstari unaofuata uulalie ule wa kwanza kidogo pembeni. Wingu moja likipita chini ya kamera sehemu hiyo ya mstari haina kazi. Kwa hiyo wafanyakazi wa ndege walikuwa wanapaa alfajiri, wanafika juu ya eneo, wanaangalia, na kama hali hairuhusu wanageuza kurudi Eastleigh na filamu zao hazijatumika, kesho wanajaribu tena. Kwenye kazi hii kurudi kwa sababu ya mawingu ilikuwa sehemu ya ratiba. Iliandikwa kwenye kitabu cha safari kama hali ya hewa, ikaishia hapo.